Uzito wa Kanyaga

Mwalimu aliyasimamisha meno juu ya dashibodi. Yalikuwa meno ya juu, seti kamili, yenye ufizi wa waridi uliosuguliwa asubuhi ileile, na mwenyewe alikuwa akiyasubiri kwenye kliniki ya upande wa pili wa mji. Hayakuwa na sanduku wala pamba. Mwalimu akafunga mkanda, akakunja mikono kifuani, akasema, "Haya dada, twende. Hayo meno yasisogee."

Dereva akakanyaga mafuta kama alivyozoea. Meno yakaruka, yakagonga kioo cha mbele, yakamwangukia mwalimu mapajani yakiwa yamekenua.

"Umeona?" mwalimu akauliza.

"Nimeona," dereva akasema. "Hayo meno yana kiherehere."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa kijana mwembamba aliyetumwa na wauza magari, na kazi yake yote hapa duniani ilikuwa kuwafundisha watu kuendesha magari ya haibridi bila kuyanywesha petroli ovyo. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "taratibu". Alilisema akipanda garini, akalisema akishuka, na walinzi wa getini walikwisha kumbatiza Bwana Taratibu kabla hajamaliza kuegesha.

Dereva naye alikuwa na jina la kupewa. Hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye cheti. Kazini wote walimwita Kanyaga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mabega mapana na viatu vizito vya ngozi, na kwa muda mrefu alikuwa ameendesha pikapu ya karakana kwa namna ambayo mtu akiomba lifti leo, kesho anaamua kutembea kwa ajili ya afya yake. Wauguzi wa kliniki walimjua kwa mlio. Wakisikia tairi zinalia kwenye kona, mmoja alisema, "Meno hayo," na mwenzake akaenda kufungua mlango.

Karakana ilitengeneza meno ya bandia. Ilikuwa na chumba cha plasta, chumba cha nta na chumba cha kusugulia, na vumbi jeupe lililowaingia watu masikioni na kwenye chai. Mezani kwa fundi mkuu, vinywa vya watu asiowajua vilipangwa safu, vingine vimefumba, vingine wazi, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa ndani. Fundi mwenyewe alikuwa mzee mpole aliyezungumza na taya za plasta kuliko alivyozungumza na mkewe, na mkewe hakuwa na malalamiko.

Sasa, Kanyaga alikuwa na mama, akiishi naye chumba na sebule, na mama huyo hakuwa na jino hata moja. La mwisho lilimtoka akiwa anatafuna karanga. Alilitema mkononi, akalitazama, akaliweka kando, akamalizia karanga zake. Karanga za kukaanga ndizo zilizokuwa starehe yake tangu utotoni. Tangu siku ile alizila zikiwa zimetwangwa na kuloweshwa, na kila alipozila alisema kwamba hizi si karanga, hizi ni habari za karanga.

Karakana ilikuwa na kanuni moja nzuri: mzazi wa mwajiriwa wa kudumu alitengenezewa meno bure. Kanyaga hakuwa wa kudumu. Alikuwa kibarua, mguu ndani mguu nje, mkataba wake ukifufuliwa kila ulipokaribia kukata roho. Fundi mkuu, kwa kuwa alikuwa mtu wa matumaini, alikuwa amekwisha kuchukua vipimo vya kinywa cha mama na kumimina kalibu yake kwa plasta, ile nyeupe wanayofungia mguu uliovunjika. Kalibu hiyo ya ufizi mtupu ilikaa rafu ya juu ikingoja kibali, ikafunikwa na vumbi, na vumbi likafunikwa na vumbi lingine.

Kila mwaka Kanyaga aliomba ajira. Kila mwaka meneja alimkaribisha kiti, akamjibu kwa heshima zote. "Ombi lako lina uzito, Kanyaga. Lina uzito sana. Ndiyo maana linakwenda polepole."

Mwaka huo meneja alinunua gari jipya la kupelekea meno. Lilitumia petroli na umeme, na wafanyakazi, baada ya kulizunguka na kulichungulia uvunguni, waliliita Nyumbu, kwa kuwa baba yake ni punda, mama yake ni farasi, na lenyewe halieleweki. Meneja alisimama mbele ya wote, mkono juu ya boneti, akasema kwamba petroli inaikausha karakana, na kwamba dereva atakayelifanya gari hili lisinywe ataajiriwa kwa kudumu. Dereva wa karakana alikuwa mmoja tu. Watu wote wakageuka kumtazama, isipokuwa fundi mkuu, ambaye alitazama rafu ya juu.

Ndivyo ilivyotokea Kanyaga akawa ameketi na Bwana Taratibu, akiyasimamisha tena meno ya mtu kwenye dashibodi.

"Gari halili petroli, dada," mwalimu alimwambia. "Anayekula ni mguu. Siri yote ni kuwa na mguu mwepesi."

Akamfundisha kuondoka kimya, kwa umeme peke yake, kama mtu anayetoka chumba alimolala mtoto. Akamfundisha kutazama mbali: taa nyekundu ikionekana kule mwisho wa barabara, mguu unaachia hapahapa, na gari linateleza lenyewe mpaka kule bila kula chochote. Akamfundisha breki ndefu, ya kubembeleza, kwa sababu breki ya ghafla inatupa nguvu bure, na breki ya taratibu inairudisha kwenye betri. Mbele ya usukani kulikuwa na alama ya jani la kijani. Dereva akienda vizuri jani linawaka, akienda vibaya linazimika. Kanyaga alimaliza siku kadhaa bila kuliona, akaanza kuamini kwamba jani hilo ni porojo za wauza magari.

"Halafu kuna uzito," mwalimu akasema. "Uzito ni adui. Toa garini kila kisicho na kazi."

Kanyaga alikuwa mtu wa kutimiza. Alitoa ndoo, kamba, mabuti ya mvua, mwavuli uliovunjika mbavu, na viti viwili vya plastiki ambavyo hakuna aliyejua vilifikaje humo. Jani halikuwaka. Akatoa vya mfukoni, pamoja na funguo ambazo makufuli yake yalikwisha kupotea. Jani likapepesa, likazima. Akavua viatu vya ngozi, akavaa raba. Jani likapepesa tena.

Basi siku moja, akiwa kwenye mteremko wa kliniki, taa nyekundu ikiwa chini kabisa, mguu umeachia na gari liko kimya, Kanyaga alivuta pumzi, akaamua kutoa na mengineyo. Alitoa hasira aliyokuwa nayo juu ya mwenye nyumba. Alitoa maneno aliyoambiwa na wifi yake mbele ya watu. Alitoa hofu ya mkataba. Vyote hivyo alikuwa akizunguka navyo kutwa nzima, na havikuwa na kazi yoyote garini. Akashika breki, ndefu, ya kubembeleza. Kitu kikamtoka kwenye unyayo, kikapita kwenye pedali, kikaelekea nyuma, na alama ya betri ikapanda. Jani likawaka, likabaki linawaka. Meno kwenye dashibodi hayakusogea.

"Hapo sasa," mwalimu akasema. Kwa mara ya kwanza alicheka, na ikaonekana kwamba na yeye ana pengo.

Jioni hiyo Kanyaga alipofika nyumbani, raba ya kulia ilibaki mlangoni, kwa sababu mguu ulikwisha kutoka wenyewe na kutangulia juu. Alipoketi kula, goti la kulia liligonga meza kutoka chini, bakuli likamwaga mchuzi. Mama yake akasimamisha kijiko.

"Nini hicho?"

"Mguu, mama. Umekuwa mwepesi."

"Ndivyo ulivyofundishwa?"

"Ndivyo."

"Basi safari hii somo limekuingia," mama akasema. "Shuleni hukuwa hivyo." Akavua kitambaa cha kichwani, akainama, akaufunga mguu wa mwanawe kwenye mguu wa meza, wakaendelea kula.

Wepesi ukapanda. Ulianzia unyayoni, ukafika gotini, ukafika kiunoni, na kila breki ya kubembeleza ikachukua kidogo. Kanyaga hakuona ubaya wake. Mgongo uliokuwa ukimuuma ukaacha, kwa kuwa haukuwa na cha kubeba. Usingizi wake ukawa mzuri, ila alilazimika kulala chini ya shuka lililochomekwa sawasawa pande zote, la sivyo aliamka akiwa amebanana na dari. Mama yake alilalamika mara moja tu, kwamba siku hizi akiongea na mwanawe shingo inamuuma, na baada ya hapo akawa anaongea naye akiwa amelala chali.

Nyumbu naye akaacha kunywa. Mshale wa petroli ulikaa juu, ukakaa, mpaka mhudumu wa kituo cha mafuta akaja karakana mwenyewe, amevua kofia, kuuliza wamekosa nini.

"Dada, umetuhama?" akasema. "Kama ni yule mwenzangu aliyekujibu vibaya, tulishamsema."

"Sijahama, ndugu yangu," Kanyaga akamjibu, kichwa kikiwa usawa wa kizingiti cha juu cha mlango. "Gari halina njaa."

Mhudumu akaridhika, akaomba maji ya kunywa, akarudi kazini.

Kwa mara ya kwanza karakana ikawa na petroli ya ziada, kwa kuwa mgao wa Nyumbu uliendelea kuletwa stoo kwa madumu kama kawaida. Petroli ya ziada, kama inavyofahamika, ikikaa sana huharibika, na meneja alijitolea kuizuia isiharibike. Kila Ijumaa madumu yalitolewa stoo kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, yakamiminwa kwenye gari lake kubwa la nyumbani, lile ambalo likiwashwa tu kuku wa mtaa mzima hukimbia. Wafanyakazi waliyaona madumu yakipita. Wengine waliyashikia mlango.

Kufikia wakati huo Kanyaga hakuwa akigusa chini. Alielea kimo cha kiti, mkono mmoja ukishika ukuta, na watu wakamzoea haraka kwa sababu alikuwa na faida. Kliniki zenye foleni mlangoni alipitia dirishani, na wauguzi wakasema afadhali. Mlinzi alimwomba amtazamie kama kuna majani kwenye mfereji wa bati. Mama wa usafi akampa kitambaa. "Kwa kuwa uko huko juu, mwenzangu, nipangusie rafu zile," akasema, "mimi kiuno hakinipi ruhusa." Kanyaga akapangusa rafu, akafika ya juu kabisa, akakutana uso kwa uso na ufizi wa mama yake. Akaupuliza vumbi. Akakaa nao pale juu kitambo, mpaka mama wa usafi akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," Kanyaga akasema. "Nasalimiana na mtu."

Siku ikafika ya meneja kutimiza ahadi, na meneja alianza kuitimiza vizuri. Alimpongeza Kanyaga mbele ya wote, akampigia makofi, akasema sasa kilichobaki ni kupima afya tu, kama kanuni zinavyotaka kwa kila mwajiriwa mpya. Fundi mkuu aliishusha kalibu kutoka rafu ya juu, akaiweka kwenye meza yake, na akachagua kwa macho, kupitia kioo cha kabati, meno yatakayoifaa. Hakuweza kuyagusa, kwa kuwa kabati lilikuwa na kufuli na funguo alikaa nazo meneja. Kule nyumbani mama aliweka karanga kwenye kikaango akazikaanga kabisa, akazihifadhi kwenye kopo, zikingoja.

Kule kliniki muuguzi alimpima Kanyaga macho, yakawa mazuri. Akampima damu, ikawa nzuri. Mapigo ya moyo yalikuwa juu kidogo, ila mwenyewe pia alikuwa juu. Kisha akamwambia apande kwenye mizani. Kanyaga akajishusha kwa kushika kingo za meza, akaweka nyayo mbili juu ya mizani. Mshale haukutikisika. Muuguzi akaigonga mizani kwa kidole. Akapanda yeye mwenyewe, mshale ukaruka, akashuka upesi kabla mtu hajausoma. Akamwambia Kanyaga apande tena, na mshale ukakaa kimya.

"Mzima kabisa," daktari akasema akiandika. "Afya njema. Uzito, hakuna."

Meneja aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Uso wake ulijaa huruma ya kweli.

"Kanyaga," akasema, "ombi lako lina uzito. Hilo sijawahi kulikana. Wewe mwenyewe ndiye huna."

"Bosi, si ndivyo mlivyotaka? Mguu mwepesi?"

"Mguu, ndiyo. Lakini hapa pa uzito nitajaza nini?"

"Jaza sifuri."

"Nikijaza sifuri ni kama sijajaza," meneja akasema. "Na nisipojaza ni kama hukuja."

Kanyaga alitoka ofisini akipitia juu ya kichwa cha karani. Alimpigia simu Bwana Taratibu, akamweleza yote, akamuuliza kama huu uzito unaweza kupatikana tena, kwa sababu yeye alisema wazi kwamba breki inarudisha.

"Inarudisha kwa gari, dada," mwalimu akasema. "Haikuahidi kurudisha kwa dereva." Alikuwa na roho nzuri. "Lakini haukupotea. Uko kwenye betri. Ukiutaka, wewe kanyaga tu."

Kanyaga hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Aliingia kwenye Nyumbu, akavaa viatu vyake vya ngozi, akaenda mpaka barabara ndefu iliyonyooka nyuma ya maghala, akakandamiza pedali mpaka sakafuni. Injini ikaunguruma kwa sauti ambayo wauza magari hawakuwahi kuitaja. Jani likazimika. Betri ikaanza kushuka, na vitu vikaanza kurudi kupitia unyayoni, kimoja kimoja, kila kimoja kikijua mahali pake. Hasira ya mwenye nyumba ikarudi ikakaa kwenye shingo. Maneno ya wifi yakarudi, na mengine mawili ambayo alikwisha kuyasahau. Hofu ya mkataba ikarudi ikajaa tumboni. Mgongo ukaanza kuuma. Kiti kikalia chini yake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Kanyaga akacheka peke yake, kwa sababu lilikuwa jambo zuri kuketi.

Akaenda hivyohivyo mpaka kliniki. Walisikia tairi zinalia kwenye kona.

"Meno hayo," muuguzi akasema.

"Leo si meno," Kanyaga akasema. "Leo ni mimi." Akapanda mizani kwa kishindo, mshale ukaruka ukazunguka, na daktari akaandika uzito wake wote kwa wino mweusi.

Meneja aliipokea karatasi mpya, akaikubali. Halafu mtunza stoo akaingia, akamnong'oneza sikioni kwamba Nyumbu amerudi tangi likiwa kavu, na kwamba madumu yote yamekwenda kulijaza, Ijumaa hii hayana kitu. Uso wa meneja ukabadilika. Huruma iliondoka kwanza, kisha ikarudi ikiwa imepungua.

"Kipimo cha uzito umepita," akasema. "Cha mafuta umeanguka. Na ahadi yangu, kumbuka maneno yangu, ilikuwa kwa dereva asiyelinywesha gari."

"Bosi, nikiwa mwepesi mnasema sina uzito. Nikiwa na uzito, gari linakunywa."

"Naliona tatizo," meneja akasema.

"Sasa?"

"Ni tatizo zito." Akampa karatasi yake. "Rudi kwenye ule mwendo mzuri, mwezi ujao tutaliangalia tena. Na mkataba wako, kwa vile nao unakaribia kuisha, tutaangalia hapohapo."

Ijumaa hiyo gari kubwa la meneja halikuwaka, na kuku wa mtaa walishinda wametulia. Meneja alirudi nyumbani kwa miguu, koti begani, akiwa na uchungu mkubwa moyoni kama mtu aliyeibiwa.

Kanyaga aliketi ndani ya Nyumbu, uwanjani, milango imefungwa, akalia. Alilia kwa sauti, kwa kuwa uzito ulikuwa umerudi wote na ulikuwa unamlemea. Hakuililia ajira. Alizililia zile karanga zilizokwisha kukaangwa, zilizo kwenye kopo, zinazongojwa na mtu asiye na cha kuzitafunia. Alipomaliza alipangusa uso, akavua viatu vya ngozi, akavaa raba, akawasha gari kwa umeme, na hakuna aliyemsikia akiondoka.

Safari hii wepesi haukuwa na haja ya kupanda hatua kwa hatua. Ulikuwa umeijua njia. Kwenye taa za kwanza alitoa hofu, kwenye za pili akamtoa mwenye nyumba, na alipofika mteremko wa kliniki hakubakiwa na kitu isipokuwa karanga, ambazo alijaribu kuzitoa zikakataa. Jani likawaka. Madumu yakajaa. Meneja akaanza tena kuzuia petroli isiharibike.

Ikabaki shida ya upepo. Majira ya upepo yalikuwa yameanza, na mara mbili Kanyaga alichukuliwa kati ya gari na mlango wa kliniki akiwa na masanduku ya meno mkononi. Mara ya pili ilibidi mlinzi amtoe kwenye mti kwa fimbo ya kuangulia matunda. Wenye meno walilalamika kwamba wamecheleweshwa. Meneja akasema wazi kwamba karakana haiwezi kupeperusha meno ya wateja, na akataka lipatikane jambo la kufanya, ila lisiwe la gharama.

Wiki hiyohiyo alikuwa ameagiza rafu zisafishwe, na kalibu zote zisizo na vibali zitupwe. Mama wa usafi alikwisha kuleta toroli. Fundi mkuu akaichukua kalibu ya mama wa Kanyaga mezani kwake, akaikumbatia kifuani, akasimama mbele ya toroli.

"Hii haitupwi," akasema.

"Ina kibali?" meneja akauliza.

"Haina. Hii ni kifaa cha gari."

Akaitoboa tundu kando, akapitisha kamba ya katani, akamwita Kanyaga, akamfunga kalibu hiyo kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Kanyaga akashuka. Raba zikagusa sakafu, zikatulia. Akatembea hatua chache, kalibu ikigongagonga pembeni, na kwa nyuma ungesema ni mwanamke yeyote anayekwenda zake kazini. Meneja akaridhika sana, akasema hivi ndivyo watu wanavyotakiwa kufikiri. Fundi mkuu akarudi kwenye meza yake. Aliliangalia kabati, akaliangalia kufuli, akachukua taya nyingine.

"Inakubana, mdogo wangu?" akauliza bila kugeuka.

"Hainibani, kaka," Kanyaga akasema. "Inanitosha."

Jioni mama yake aliona kitu kinabisha hodi kwenye miguu ya viti kila mwanawe anapopita, akamwambia aje, aketi, anyooshe mguu. Akaifungua kamba, na Kanyaga akajishika kwenye meza. Mama akaigeuzageuza ile kalibu karibu na taa, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akapitisha kidole kwenye ufizi mweupe, taratibu, kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ni wewe, mama."

"Hapa palikuwa na gego. Hili ndilo lililokuwa linazijua karanga." Kidole kikasimama pale. "Wamesemaje huko kazini?"

"Wamesema ombi langu lina uzito."

"Wamesema hivyo?"

"Wamesema lina uzito sana."

Mama akaiweka kalibu kwenye kiganja, akaipandisha na kuishusha, akiipima kama mtu anayenunua viazi. "Kiasi," akasema. Akainuka, akachukua kopo, akamwaga karanga kwenye kinu, akaanza kuzitwanga. Kanyaga alimshikia kinu kwa mikono miwili, miguu yake ikiwa imeelea nyuma yake kwenye usawa wa dirisha, na mama akatwanga huku akisimulia umbea wa jirani.

Asubuhi mama aliamka mapema kuliko mwanawe, akamvuta chini kutoka darini, akamfunga kalibu mwenyewe, fundo juu ya fundo.

"Usije ukaipoteza," akasema akivuta kamba. "Ndiyo meno niliyo nayo."

"Siwezi kuipoteza, mama. Nikiipoteza napotea nayo."

Akaenda karakana, akapakia masanduku, akawasha Nyumbu, na hakikusikika kitu. Jani liliwaka kabla hajatoka getini. Mlinzi akampungia mkono, Kanyaga akapunga, akatazama mbali mpaka mwisho wa barabara, akaiona taa nyekundu, akaachia mguu mapema. Gari likateleza lenyewe. Kwenye kiti cha nyuma, ndani ya pamba, meno ya watu yalitulia tuli, na mpaka anafika hakuna hata moja lililosogea.